Pini ya Tatu kutoka Juu

Nina kopo la maziwa ya unga ambalo mke wangu amelitupa mara mbili, na mara mbili nimelifuata jalalani. Ndani yake mna kahawa ya kutafuna, ile tunayoita akamwani, imekauka mpaka inalia kama changarawe. Nitasema ilikotoka. Lakini siwezi kuisema kahawa bila kuisema kompyuta, na kompyuta siwezi kuianza bila vita, maana mtu mwenyewe nilimpata vitani.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nikaishia hapo. Kusoma nasoma, polepole, kidole kikiwa chini ya neno. Vita vilipokuja tulichukuliwa mgambo, nikabebeshwa redio ya mawasiliano mgongoni. Kijana mmoja wa upande wa Muleba akabebeshwa betri zake. Yeye bila mimi alikuwa amebeba chuma, na mimi bila yeye nilikuwa nimebeba sanduku, kwa hiyo tulilala pamoja, tukala pamoja, tukaharisha pamoja. Askari mmoja wa mitambo ndiye aliyenifundisha kufungua redio. Alikuwa akisema, "Usiguse kitu kabla hujakitazama mpaka ukichoke." Hicho ndicho chuo changu, na sikupata kingine.

Vita vilipokwisha tulifika kwao Muleba, baba yake akatukata kidogo chini ya kitovu, akapasua buni moja, kila mtu akameza nusu yenye damu ya mwenzake. Huo ni omukago. Leo nikisema damu ya mtu mwingine, vijana wanashtuka, na wana haki. Wakati ule hatukujua kitu. Kiapo chake ni kwamba mtoto wa nduguyo ni wako, na ukimfanyia ubaya, tumbo likuvimbe. Tangu siku hiyo nikawa namwita Munywani, rafiki wa damu, naye ananiita hivyo hivyo. Baadaye kaka yake akamwoa mdogo wangu wa kike, tukawa tumefungwa mara mbili.

Basi nikarudi Bukoba, nikatengeneza redio miaka mingi. Redio nilizijua kwa harufu. Kisha ule ugonjwa ukaingia. Sitauzungumza sana, kila nyumba ya Kagera ina hesabu yake. Nitasema tu kwamba ilifika mahali fundi seremala hatengenezi kitanda, anatengeneza majeneza tu, na watoto wanabaki kwenye migomba peke yao. Ndipo zikaja ofisi za kusaidia yatima, na ofisi hizo zikaja na kompyuta.

Ofisi moja pale mjini walikuwa na kompyuta mezani iliyokataa kuwaka. Wakaniita, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Sikuwa nimewahi kuiona kwa macho. Nikaitazama mpaka nikaichoka, nikaifungua, nikakuta vumbi jekundu limejaa kama unga wa muhogo na panya amezaa juu ya feni. Nikasafisha, nikachomoa zile kadi, nikasugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa penseli, nikarudisha. Ikawaka. Wakaniajiri. Nilitengeneza mpaka ya mfanyabiashara wa samaki kutoka visiwani, aliyeifunga yake kwa nailoni pande zote ili vumbi lisiingie, ikajipika ndani yake kama ndizi kwenye jani. Nikamwambia, "Mzee, hata wewe ukifungwa hivi utakufa." Akanijibu, "Samaki nikimfunga haharibiki." Lakini naacha njia.

Ofisi yetu ilifungua tawi Muleba. Walitafuta katibu anayejua kuchapa. Nani aliyempeleka Munywani wangu? Mimi. Yeye alikuwa amefika kidato cha pili, ana mwandiko mzuri, anavaa tai. Nikasema kwa mdomo wangu, huyu ni mtu wa kuaminika. Kila mwezi nikawa naenda Muleba kukagua kompyuta yake na printa yake, ile ya pini, inayolia kama cherehani. Nilikuwa na daftari la ukaguzi. Naandika nilichokikuta na nilichokifanya, kisha katibu anatia sahihi kwamba nilifika. Sahihi yake ilikuwa na mkia mrefu, anauzungusha kama mtu anayefunga mzigo.

Na kila nikifika, kabla sijafungua begi, ananiletea kikapu kidogo cha akamwani. Kwetu usipotafuna kahawa ya mtu, umemwambia kuwa humtaki. Nilikuwa natafuna.

Mwaka ule, katika mvua za Mei, kaka yake akafa. Mume wa dada yangu. Tulimzika kwenye kibanja chake, katikati ya migomba na mibuni aliyoipanda mwenyewe. Dada alikuwa na watoto wawili, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kukonda, shingo imebaki kama ya kuku wa mayai. Matanga yakaisha, ukoo haukusema kitu.

Julai wakaja wageni kwenye ofisi ya Muleba. Munywani akataka kuwaheshimu kama tunavyoheshimu wageni nyumbani, akatandika nyasi mbichi sakafu nzima, nyasi nzuri, zenye mbegu. Printa ilikuwa juu ya kigoda kifupi. Mbegu za nyasi zikaingia, karatasi ikakwama mbele ya wageni. Yeye akachukua spoki ya baiskeli akachokonoa huku mashine inaendelea kuchapa. Pini ya kichwa ikakatika. Nilipofika wiki ile nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Munywani, nyasi wanatandikiwa watu, si mashine!"

"Na mashine si mgeni? Imetoka ng'ambo," akajibu, naye anacheka.

Kichwa cha printa kina pini zimepangwa wima, kila moja inagonga utepe kuchora sehemu yake ya herufi. Moja ikifa, kila mstari wa maneno unapitiwa na uzi mweupe, kama mtu amekata maandishi yote kwa wembe. Nikaandika daftarini: "Pini ya tatu kutoka juu imekatika. Kichwa kipya kiagizwe." Nikaweka tarehe. Akatia sahihi, na mkia wake.

Agosti dada yangu akanijia nyumbani kwangu Ijuganyondo na watoto wawili, godoro, na sufuria. Akakaa kizingitini. Kisha akanipa karatasi.

"Wamenitoa, Kaka. Shemeji ameleta usia. Ukoo umeukubali. Amenipa na nakala, eti nisije nikasahau."

Nimesema nasoma polepole. Ile karatasi sikuisoma. Kabla sijaona neno hata moja niliona uzi mweupe. Umepita katika kila mstari, juu kidogo ya katikati, mahali pake palepale. Ndipo nikaweka kidole nikasoma: kwamba marehemu, akiwa na akili timamu, anamwachia mdogo wake kibanja, nyumba na mibuni; mke arudi kwao. Chini pana kidole gumba cha wino, eti mkono wa marehemu ulikuwa unatetemeka, hawezi kushika kalamu. Tarehe: Desemba. Desemba iliyopita, miezi mitano kabla hajafa.

Lakini Desemba ile mashine ilikuwa na pini zake zote. Uzi mweupe ulizaliwa Julai, siku ya nyasi, na aliyekiri kuzaliwa kwake alikuwa yeye mwenyewe, kwenye daftari langu.

Nitasema ukweli wangu sasa, maana nimezeeka na sina wa kumdanganya. Mtu mwema angepanda gari kesho yake. Sikupanda. Nililala chali nikamwona Munywani amesimama katikati ya ukoo wake wote, hana pa kuweka macho, na ile picha ilikuwa tamu mno, sikutaka kuila mbichi. Nikajiambia ningoje ukoo ukutane wote, Novemba, wakati wa kuwakumbuka marehemu, wanapokuja hata wale walioko Mwanza. Nikajiambia nakusanya ushahidi. Na kweli nilikusanya. Kwenye majalada ya mjini nikatoa barua zake za Desemba, safi kabisa, herufi zimejaa. Zile za Julai na kuendelea, zote zina uzi.

Septemba kichwa kipya kikafika kutoka Dar es Salaam. Nilikiweka ndani ya begi langu la vifaa, nimekifunga kwa soksi, nikaenda nacho Muleba na kurudi nacho. Septemba na Oktoba.

"Kichwa bado?" ananiuliza.

"Bado, Munywani. Dar es Salaam ni mbali."

"Barua zangu zinachekwa."

"Vumilia. Tia sahihi hapa." Nilikuwa nimeandika: "Pini ya tatu kutoka juu bado imekatika." Anatia. Ananiletea kikapu, ananitazama usoni kama anapima. Alijua dada yuko kwangu. Mimi nikasema jino linaniuma, leo sitafuni. Mwezi uliofuata jino likaniuma tena. Nilimwuliza, "Kibanja cha kaka yako kinaendeleaje?" Akasema, "Mambo ya ukoo hayo, Munywani, usiyaingize ofisini." Nikasema sawa, nikaendelea kupuliza vumbi kwenye feni yake. Nilimsafishia vizuri sana. Sikutaka mashine ife kabla yake.

Kuna jambo lingine sipendi kulisema. Ofisi ile ilikuwa inaandikia barua yatima ili wapokelewe shuleni na hospitali. Bibi mmoja alitembea kutoka milimani mara mbili na barua ya wajukuu wake, mara mbili akarudishwa, kwa kuwa namba iliyochapwa haisomeki vizuri. Nilimkuta kwenye benchi pale Muleba, anapangusa miguu. Kichwa kizima kilikuwa ndani ya begi langu, hatua tatu kutoka kwake. Nilimpa ndizi mbivu. Begi sikulifungua.

Nyumbani dada akawa hainuki. Nikamweleza mpango wangu wote, nikidhani atafurahi. Nikamwonyesha daftari, nikamwonyesha barua, nikamwigizia jinsi Munywani atakavyotoa macho. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umelijua hili tangu lini, Kaka?"

"Tangu siku ile uliponipa karatasi."

"Agosti."

"Agosti."

Akageukia ukutani. "Wewe unataka yeye aumie. Mimi nataka kulala kwangu. Nikifia hapa mtanizika hapa, na wanangu wataonyesha nini kule? Watasema mama yao yuko wapi?"

Asiye wa kwetu pengine haelewi. Kwetu kaburi liko kwenye kibanja. Mtoto akiulizwa hapa ni kwa nani, anaonyesha mahali baba yake na mama yake walipolala, na maneno yanaishia hapo. Dada akizikwa Ijuganyondo, wale watoto wangekuwa na kaburi moja, na baba mdogo angelilimia. Nilikuwa nimehesabu kila kitu, pini, sahihi, tarehe, na hilo sikulihesabu. Au nililihesabu nikalisukuma. Siku tatu zikapita nikiwa sili vizuri, kisha Novemba yenyewe ikawa imefika, ikaniepusha na kuamua.

Nilikwenda na vibuyu viwili vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa sababu ndugu wa mke haingii kwenye kikao cha ukoo mikono mitupu. Walikaa juu ya nyasi, sebule imejaa. Mkuu wa ukoo alikuwa mzee mfupi asiyejua kusoma, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nikapiga magoti, nikamwamkia kwa heshima.

"Kasinge, waitu. Mimi ni fundi tu. Naomba kusema habari ya mashine."

"Mashine?" akasema mzee. "Tumekuja kuzungumza wafu, wewe unaleta mashine."

"Mashine ndiyo iliyomsemea marehemu, waitu."

Munywani alikuwa amekaa karibu na mlango, tai yake shingoni. Nikatandaza karatasi juu ya nyasi, usia katikati, barua za Desemba kushoto, za Julai kulia.

"Mimi sisomi," mzee akasema.

"Vizuri, waitu. Wanaosoma ndio waliodanganyika. Wewe tazama tu huu uzi mweupe."

Akainama, akaitazama moja moja. Nikamweleza kwamba mashine ina meno, na jino moja lilikatika Julai, na tangu hapo kila inapouma inaacha pengo. Mzee akainua kichwa polepole.

"Enzi za baba yangu," akasema, "tulimkamata mwizi wa ndizi mbivu kwa pengo lake. Alizing'ata akazitupa. Tukawafungua watu midomo wote." Watu wakacheka. "Sasa hapa mwenye pengo ni nani?"

Nikafungua daftari. Nikasoma, polepole, kidole chini ya neno, na safari hii sikuona aibu kuchelewa. Nikasoma Julai, Agosti, Septemba, Oktoba. "Na sahihi hii yenye mkia, mnaijua?"

Waliijua wote. Munywani akasimama. Alikuwa mwepesi wa akili, sitamnyima hilo.

"Usia ni wa Desemba kweli," akasema. "Karatasi ya kwanza ilichakaa. Nikaichapa upya Agosti. Kuna kosa gani kuchapa upya?"

Sebule ikaguna. Wengine wakatikisa vichwa kumkubali. Nakwambia, moyo wangu ulianguka, maana hilo sikuliwaza katika usiku wangu wote wa kupika kisasi. Nikaitazama ile karatasi. Nikaitazama tu, kama alivyonifundisha askari wa mitambo. Na kitu kikaja.

"Na kidole, Munywani?"

"Kidole gani?"

"Hiki gumba hapa chini. Karatasi umechapa Agosti. Kaka yako tulimzika Mei. Aliamka akaja kutia kidole upya?"

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mtu mmoja nyuma anasema "Mawe!", kwa Kihaya ni mama yangu, kwa sauti ndogo. Munywani akashika tai yake kama inamkaba. Alitazama nyasi. Ndiyo ile picha niliyoilalia tangu Agosti, nami nilikuwa pale, nikaila yote, sikuacha hata punje. Nisiseme uongo kwamba ilikuwa chungu. Ilikuwa tamu.

Mzee aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye moto wa kiko chake. "Mke arudi nyumbani kwake," akasema. "Leo."

Gari la ofisi liliombwa, tukamleta dada akiwa amelala kwenye godoro lilelile. Alipoona migomba yake akaomba tumshushe njiani, akaingia kwake akishikiliwa, kwa miguu. Aliishi wiki tatu. Asubuhi alikuwa anatoka kukaa kwenye jua, anawaonyesha watoto mipaka: mbuni ule, jiwe lile, mfereji ule. Kisha tukamlaza kando ya mume wake. Wiki tatu. Kama ningekwenda Agosti angepata miezi. Hilo nalibeba mwenyewe, simpi Munywani, ingawa nimejaribu.

Baada ya mazishi nilikwenda Muleba, nikalifungua begi, nikatoa kichwa cha printa kwenye soksi.

"Kumbe kimefika," akasema.

"Kimefika tangu Septemba."

Nikafunga kichwa, nikarudisha utepe, nikachapa karatasi ya majaribio. Herufi zikatoka zimejaa, nzuri, nyeusi. Karatasi ya kwanza halisi niliyomwamuru achape ilikuwa barua ya yule bibi wa milimani. Akaichapa. Halafu akaniletea kikapu.

"Munywani, yaishe," akasema. "Tafuna."

Mkubwa wa mjini sikumwambia kitu. Watu walidhani ni huruma. Kama ningemwambia, Munywani angefukuzwa, angehamia Mwanza, angesahau. Nilitaka abaki pale pale, mezani pake, kila mwezi anione naingia na daftari.

Nikachukua punje moja kikapuni. Nikaitia mfukoni, huku ananitazama. Nikasukuma daftari mbele yake. Nilikuwa nimeandika: "Pini zote zinafanya kazi."

"Tia sahihi."

Akatia. Mkia hakuuzungusha. Na tangu siku hiyo, miaka yote mpaka ofisi ilipofungwa, hakuuzungusha tena, wala hakuacha kuleta kikapu, wala mimi sikuacha kuchukua punje moja na kuitia mfukoni. Ndizo hizo za kwenye kopo. Tumbo lake halikuvimba, nililingojea.

Wale watoto wako kwenye kibanja chao. Mkubwa ana wake wawili sasa, watoto namaanisha, na kila msimu ananiletea kahawa aliyoichuma kwenye mibuni ya baba yake, imechemshwa na majani yake, inanukia. Hiyo natafuna.